Kabla hujaituma diski ya harusi ng'ambo, uliza kwanza deki ya huko

Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tuna sababu yetu ya kuzishikilia diski za DVD. Siku ya kupamba, bi harusi huketi kichwa wazi na asumini zake, na ukumbi mzima ni wanawake waliovua mabuibui. Simu huachwa mlangoni. Anayechukua video ni mwanamke mwenzetu, na sharti tunalomwekea ni kwamba picha hizo hazipandi mtandaoni wala hazipiti WhatsApp. Sasa jamaa walio ng'ambo wataionaje harusi ya mtoto wao? Huchomewa diski, akakabidhiwa msafiri anayeaminika, ikafika mkono kwa mkono.

Miaka mingi nilikuwa nikimtumia shangazi yangu Maskati, na kila diski ilicheza. Kwa hiyo alipoolewa binti wa kaka yangu nilichomesha nakala mbili bila kuuliza lolote: moja ya Maskati, moja ya dada yangu aliye Toronto, ambaye hakuweza kusafiri kwa sababu mimba yake ilikuwa imefika miezi minane. Ya Maskati ilicheza kama kawaida. Kule Toronto, dada aliwaita wanawake wa kwetu, akapika, wakakaa kusubiri. Deki ikaimeza diski, ikaizungusha, ikaitema. Wakaijaribu kwenye deki ya jirani: sauti za vigelegele zikatoka, lakini picha haikuwa na rangi na ilikuwa ikipanda juu mfululizo bila kutulia. Alinipigia simu analia, nami nikalia naye, maana hakuna harusi ya pili ya kumwonyesha.

Fundi mmoja wa huko alimwambia kwamba diski za Afrika zimefungwa kanda, yaani eneo la dunia zinakoruhusiwa kuchezwa, akamtoza pesa kuifungua deki. Haikubadilika kitu. Nilichojifunza baada ya hapo, kwa kuwasumbua mafundi wa hapa mjini wiki nzima, ndicho ninachotaka ukijue wewe kabla ya bahasha kufungwa.

DVD ina makufuli mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la kanda. Kampuni za filamu ziliigawa dunia kwa namba: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya, Japani, nchi za Ghuba, Misri na hata Afrika Kusini ni ya 2, sisi Kenya tuko ya 5, pamoja na India na Urusi. Filamu ya dukani hubeba namba yake, na deki hubeba yake, zisipolingana deki inakataa na mara nyingi inakuandikia sababu kwenye skrini. Ndiyo maana filamu halisi za Kihindi alizokuwa akizipenda mama hazikuwahi kutupa taabu, kwa kuwa India na sisi tuko kanda moja, lakini katuni alizoleta kaka kutoka London ziligoma siku hiyo hiyo, watoto wamekaa mkekani wanangoja.

Lakini diski iliyochomwa na mpiga video wa harusi haina namba ya kanda. Hakuna aliyeiwekea kufuli. Yule fundi wa Toronto alifungua mlango ambao haukuwa umefungwa.

Kufuli la pili ndilo lililotuumiza, nalo ni mfumo wa picha. Kenya tunatumia PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Uingereza ni hivyo hivyo, na Oman, na India. Marekani, Kanada na Japani wanatumia NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Mifumo hii ilizaliwa zamani za televisheni za awali na kwa nchi nyingi ilifuata mwendo wa umeme wake, wetu ukiwa wa hezi 50 na wa Marekani hezi 60. Maskati wako kanda tofauti na yetu, lakini mfumo wao wa picha ni wetu, ndiyo maana za shangazi zilicheza miaka yote na kunipa imani ya bure.

Tena mambo hayaendi sawa pande zote mbili, na hapa ndipo wengi hunaswa. Deki nyingi zinazouzwa huku kwetu hucheza PAL na NTSC bila tabu, na TV za siku hizi hupokea zote mbili. Deki nyingi za Marekani na Kanada hujua NTSC peke yake. Kinachotoka kwao kuja kwetu kina nafasi kubwa ya kucheza kikishapita kufuli la kanda. Kinachotoka kwetu kwenda kwao hukwama, hata kikiwa hakina kanda kabisa. Kujaribu diski kwenye deki yako hapa Mombasa kabla ya kuituma hakukuthibitishii chochote kuhusu Toronto.

Dada yangu alipona kwa kompyuta. Kompyuta haijali PAL wala NTSC, inasoma faili na kuonyesha. Mtoto wa jirani yake aliweka programu ya VLC, ambayo ni ya bure, akaunganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI, kisha akatoka nje ya nyumba, kwa sababu kilichomo ndani ni cha wanawake. Wakaiona harusi yote, kuanzia ngoma ya vugo mpaka bibi akimtunza mjukuu wake. Ikiwa diski yako imeshafika na imegoma, anzia hapo kabla hujamlipa mtu yeyote.

Ikiwa bado hujaichomesha, zungumza na mpiga video mapema. Mwambie nakala fulani inakwenda Marekani au Kanada, atengeneze ya NTSC kutoka kwenye faili za kamera zenyewe. Akigeuza kutoka kwenye DVD iliyokwisha kubanwa, picha itapungua ubora mara ya pili, na mwendo wa wachezaji utaonekana kushtuka-shtuka. Lakini usimlazimishe kuipanga kamera yenyewe kwa NTSC siku ya shughuli. Nilifanya kosa hilo kwenye harusi iliyofuata, nikidhani nimeerevuka. Taa za ukumbi zinafuata umeme wetu wa hezi 50, na kamera ikichukua kwa mfumo wa NTSC taa nyingi huonekana zikipepesa. Mistari ilipita juu ya uso wa bi harusi usiku kucha. Arekodi kwa mfumo wetu, ageuze wakati wa kutengeneza.

Mwambie pia aifunge diski baada ya kuichoma. Hili si kufuli, ni hatua ya mwisho kwenye mashine, iitwayo "finalize", ambayo wengine huiruka kwa haraka, na diski isiyofungwa mara nyingi hucheza kwenye mashine iliyoichoma tu. Na asibandike karatasi juu yake. Gundi na uzito wake huivuruga diski inapozunguka, na joto letu la pwani huifanya karatasi ijikunje. Kalamu ya diski inatosha. Vumbi na unyevu tunavyoishi navyo karibu na bahari vinatosha kuzila diski, kwa hiyo ziweke kwenye kasha lake, mbali na dirisha lenye jua.

Kwa anayeletewa deki kutoka ng'ambo, tazama nyuma yake kabla ya kutafuta plagi. Ami yangu alikuwa baharia, alileta deki nzuri kutoka Marekani, imeandikwa volti 120. Tuliichomeka kwenye umeme wetu wa 240 na moshi ukatoka kabla rimoti haijatiwa betri. Ikiandikwa 100 mpaka 240 ni salama, unahitaji kibadilisha plagi tu. Ikiwa 120 peke yake, bila transfoma usiiguse. Na ukinunua iliyotumika hapa mjini, nenda na diski moja ya Uingereza na moja ya Marekani, muuzaji azicheze mbele yako. Neno lake kwamba inacheza kanda zote halitoshi.

Diski za Blu-ray, zilizokuja baada ya DVD, zina mgawanyo wao mwingine wa kanda, kwa herufi. Sisi na Uingereza tuko B, Marekani A, na India, tuliyozoea kuwa nayo pamoja, iko C.

Kuna onyo moja la kompyuta ambalo vijana hulipuuza. Kiendeshi cha DVD cha kompyuta huruhusu kubadilishwa kanda mara 5 tu, kisha hubaki palepale ilipofikia. Mpwa wangu aliizungusha yake kati ya 2 na 5 kila alipotaka filamu mpya, na sasa imekwama kwenye 2. Ukiulizwa kama unataka kubadilisha kanda, na unachotaka kucheza ni diski ya harusi, jibu ni hapana, kwa sababu diski hiyo haina kanda.

Dada alijifungua mtoto wa kike wiki tatu baada ya ile siku. Sasa kila diski inayokwenda kwake naandika juu yake kwa kalamu: NTSC, haina kanda. Ya shangazi naandika PAL. Na kabla ya kumpa msafiri, nampigia simu anayepokea anisomee maandishi yaliyo nyuma ya deki yake.