Muulize Yaya: Stazi ya benki, ao unga wa mama?

Swali. Jambo Yaya. Nasoma mwaka wa pili wa uchumi hapa Lubumbashi. Mjomba amenipatia stazi, yaani mafunzo kazini, ya mwezi mmoja katika benki moja mjini, wakati wa likizo kubwa. Hawalipi, hata nauli. Wenzangu wanasema stazi ni ya mwaka wa mwisho, sasa hivi nitapoteza wakati tu. Na mama, anayeuza unga soko la Kenya hapa hapa mjini, anataka nimsaidie. Kweli stazi ya mapema inafungua mlango wa kazi ya fedha? — *Dieumerci, Katuba*

Jibu. Nenda, mdogo wangu, ila usidhani benki itakukumbuka. Mimi pia nilianza mwaka wa pili, katika benki nisiyoitaja. Wiki mbili nzima nilipiga fotokopi. Mkubwa wa idara aliniita "wewe wa fotokopi" mpaka siku niliyotoka, na nilipomaliza masomo nikarudi na barua, kazi sikupewa.

Nilichopata pale ni mchana mmoja tu. Karani mmoja mzee alinipa taarifa ya akaunti ya mteja aliyekuja kulalamika, nilinganishe na daftari lake. Nikakuta pesa aliyoweka imeandikwa krediti, pale ambapo darasani tuliandika debiti, nikatangaza kwamba benki imekosea. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Pesa ile kwa mteja ni mali. Kwetu sisi ni deni." Mwalimu alishasema hivyo, nami niliandika, lakini siku ile ndipo iliniingia. Nikajua pia kwamba napenda kusaka tofauti ya faranga mia tano mpaka giza liingie. Mwenzangu aliichukia kazi hiyo, akahama njia mapema. Leo anauza simu, na anakula vizuri kuliko mimi. Angegundua mwaka wa mwisho, angeandika tu ripoti ya stazi apate alama.

Kwa hiyo fotokopi piga wiki ya kwanza. Ya pili, muombe karani, si mkubwa, akuonyeshe jioni wanavyofunga hesabu za siku, dola kando, faranga kando. Usishtuke ukikosa akaunti yako ya 57, ile ya kasha: benki zina mpango wao wa hesabu, si ule wa OHADA, wa makampuni ya kawaida, unaoukariri.

Sasa unga. Hapo nyote mmepitiwa, mjomba naye. Kama unga wa mama unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kuna dola ndani yake, naye anauza kwa faranga. Tuseme mfuko ni dola 20, na dola moja ni faranga 2.800: amenunua kwa 56.000. Anauza 59.000, anafurahi. Ijumaa dola imefika 3.000, mfuko ule ule sasa ni 60.000. Amepata faida ya 3.000, na bado anapungukiwa 1.000 ya kurudisha mfuko. Benki haitamwachia mwanastazi wa mwaka wa pili aguse hatari ya namna hiyo. Mama atakuachia. Mfungulie daftari jioni na Jumamosi: tarehe, mifuko, faranga, kiwango cha siku, dola.

Aliyenipa kazi yangu ya kwanza, katika depo ya simenti, hakuuliza nilifanya stazi benki gani. Aliuliza nimewahi kushika daftari la nani. Nikamtaja shangazi yangu, muuza samaki wa Kamalondo, akataka kuliona. Nilikuwa nalo kwenye mfuko, linanuka.

Nauli ya kutoka Katuba mdai mjomba. Yeye ndiye aliyeleta habari.