Dalili za tezi dume ni kuzaliwa mwanamume

Swali: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu amelazwa, na daktari ametueleza kwamba tezi dume imebana njia ya mkojo. Kwenye insha niliandika "mjomba ana tezi dume", mwalimu wetu akapiga mstari mwekundu. Je, ni haki? Na ule mrija unaotoa mkojo kwa mwanamume tuuite njia ya mkojo, mrija wa mkojo au urethra? Vipande vyake vina majina ya Kiswahili? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu, mjomba apate nafuu. Nianze na la pili, maana halina ugomvi mkubwa. Njia ya mkojo ni safari nzima: figo, ureta mbili zinazoshuka hadi kwenye kibofu, kibofu chenyewe, kisha urethra inayotoka kibofuni kwenda nje. Kwa hiyo "maambukizi ya njia ya mkojo" ni jina pana, na upana huo ndio unaotakiwa. Ukikitaka kipande cha mwisho peke yake, sema mrija wa mkojo. Pale ureta nayo ilipotajwa, andika urethra, neno la Kigiriki lililokwisha kuzoeleka katika baiolojia, ili msomaji asichanganye mirija. Mrija ni neno zuri, ingawa sisi wa rika langu hatulisikii bila kukumbuka enzi za Azimio la Arusha, tulipohimizwa kukata mirija ya wanyonyaji. Huu wa mjomba usikatwe.

Vipande vyake utavielewa ukiufuata mpira. Mgonjwa wa aina hii aghalabu huwekewa mpira wa kuutoa mkojo kibofuni, nao hupita mrija wote, sentimita 18 hadi 20 hivi kwa mwanamume mzima. (Wa mwanamke ni kama 4 tu, na hiyo ni sababu moja ya vijidudu kumfikia kibofuni upesi.) Ukiingilia nje, unaanza na sehemu ndefu kuliko zote, yapata sentimita 15, iliyozungukwa na nyama laini inayojaa damu. Wengi huiita sehemu ya sponji. Mimi napenda sehemu ya sifongo, maana sifongo tulikwisha kulipokea kutoka kwa Waarabu, sasa la nini tena sponji? Baada yake kuna sehemu ya utando, fupi, sentimita 1 hadi 2, isiyotanuka kirahisi. Hapo ndipo ulipo ule msuli unaoubana kwa hiari yako basi linapokataa kusimama. Mpira ukifika hapo, muuguzi humwambia mgonjwa avute pumzi ndefu. Mwisho, chini ya kibofu, ni sehemu ya tezi dume, sentimita 3 hivi, ambapo mrija umepenya ndani ya tezi kama uzi ndani ya shanga. Njia za manii hufungukia humo. Kuanzia hapo mpaka nje, mkojo na manii hutumia mrija mmoja. Wako wanaohesabu na kipande cha nne, kifupi mno, shingoni mwa kibofu. Sigombani nao.

Ninagombana na tezi dume, au tuseme na wanaoitamka. Mwalimu wako nampa mkono.

Nimesikia tangazo msikitini: "Mzee wetu amelazwa na tezi dume." Amelazwa na tezi dume! Angelazwaje bila nayo? Kila mwanamume aliyelala usiku wa jana alilala na tezi dume yake, akaamka nayo, akaenda nayo shambani. Aliyekuwa akisoma tangazo anayo. Imamu anayo. Safu zote za mbele zinayo, na hakuna aliyewapelekea machungwa. Kisha ukitoka nje unakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "Tunaondoa tezi dume bila upasuaji", na chini yake "dalili za tezi dume". Dalili za tezi dume, mwanangu, ni kuzaliwa mwanamume.

Najua utaniuliza: mbona twasema fulani ana presha, ana sukari, na kila mtu anayo presha na sukari mwilini? Hilo nimelimeza zamani. Ukisema ana sukari, msikiaji anaelewa ugonjwa mmoja. Ukisema ana tezi dume, hajui kama akuambie pole au aanze kuchanga.

Maana maradhi yenyewe ni zaidi ya moja. Kuna tezi kutanuka kwa umri: huanzia sehemu ya ndani, karibu na mrija, ukabanwa, mkojo ukawa mwembamba, wa kukatikakatika, na mtu akaamka usiku mara nyingi. Hiyo si saratani. Na kuna saratani ya tezi dume, ambayo mara nyingi huanzia pembezoni, mbali na mrija, ikaweza kukua muda mrefu mtu akikojoa vizuri tu. Wa kwanza anahangaika na hana saratani. Wa pili anayo na hana habari. Nao wote wawili tumewapa sentensi moja. Hata "ametolewa tezi dume" huwa ni uongo kwa wa kwanza: daktari kwa kawaida hutoa nyama ya ndani iliyobana, sehemu ya nje ikabaki, na saratani bado inaweza kuota humo. Mzee aliyeambiwa "imetolewa yote" hataona haja ya kurudi kupimwa.

Sasa niwe mwadilifu, ingawa inaniuma. Wazee waliposema fulani ana tezi, walimaanisha uvimbe wa shingoni, ule wa kukosa madini joto. Neno lilikuwa jina la ugonjwa kabla wataalamu hawajalifanya jina la kiungo. (Tezi ya mabaharia, yaani nyuma ya chombo, ile ya tezi na omo, ni nyingine, tuiache baharini.) Hivyo msoma tangazo yu karibu na bibi yake kuliko nilivyo mimi, na barazani simkatizi tena. Nachoka.

Katika insha, ukutani na kwenye cheti cha hospitali, sikubali. Ikiwa ni kutanuka, andika "mjomba ametanuka tezi dume" au "tezi dume ya mjomba imetanuka, imebana mrija wa mkojo". Mwalimu akurudishie nusu maksi kwa kuwa daktari mwenyewe hakukueleza imebana kwa sababu gani. Daktari huyo mwulizeni. Na ukitaja kile alichowekewa, andika mpira. Wakikuletea neno katheta, waambie wenye mpira wenyewe hawajalalamika.