Mama mkwe wako haendi popote

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, naishi Morogoro na mke wangu na watoto wawili. Mke wangu amekutwa na saratani ya titi, wiki ijayo anaanza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, hospitali ya Ocean Road, Dar. Mama yake amekuja kutoka Ifakara na sasa nyumba imekuwa yake. Analala na mke wangu chumbani kwetu, mimi niko sebuleni. Amemwaga dawa ya mitishamba niliyonunua kwa shilingi 80,000. Mke ni wangu, nitamuuguza mwenyewe. Nimrudishe vipi kwao bila ugomvi? – Baba Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni na ugonjwa, hasa mkeo.

Hapo juu nimefupisha. Barua yenyewe ni ndefu, na humo umelalamikia kitanda, sebule, chumvi kupunguzwa kwenye mboga na pesa yako ya dawa. Hakuna mahali umeandika mkeo anasemaje. Hujataja atapata dozi ngapi wala jina la dawa hata moja. Aliyempeleka kupima ni mama, aliyefuata majibu ni mama; umeyaandika hayo mwenyewe. Sasa unayetaka kuuguza peke yako, utaanzia wapi?

Tuje kwenye chumba. Najua kwa mila zetu mkwe halali chumbani kwa mkwewe. Yule mama anajua kuliko wewe, na aibu hiyo ameimeza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkeo anaamka saa nane za usiku akilia kwa hofu, anataka mtu wa kumshika mkono asiyemdai kitu. Na hapo kuna jambo umelizunguka zunguka bila kulitaja. Nakujibu waziwazi: mke akiwa kwenye dawa hizi mwili huchoka sana, na hatakiwi kushika mimba. Akiwa na nguvu na akitaka mwenyewe, mtatumia kondomu. Asipotaka, utavumilia. Kama watoto wana chumba chao, wahamishie sebuleni, mama na mgonjwa walale humo, nawe urudi kitandani kwako. Hilo lingemalizwa kwa dakika kumi za mazungumzo.

Kuhusu mitishamba, mama amefanya sawa. Dawa nyingi za saratani hupitia kwenye ini, na ipo mitishamba inayogombana nazo, ikazipunguza nguvu au ikazidisha sumu yake. Kama imebaki chupa nyingine, ipeleke kwa daktari ikiwa imefungwa, umuulize. Usimnyweshe kwa siri.

Sasa sikiliza kazi yako. Kabla ya dozi atapimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa chini, dozi inasogezwa mbele, na hapo usimlaumu mtu kwamba nauli imepotea. Kwa saratani ya titi dozi mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, kwa hiyo safari za Dar zitakuwa nyingi. Mkatie tiketi ya treni ya SGR mapema, basi litamtikisa na yeye anataka kutapika. Akipewa ile dawa nyekundu, mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Si damu, msipige kelele. Kwa siku hizo mbili anayefua nguo zenye matapishi au kuosha beseni avae glavu. Vidonge vya kuzuia kutapika anywe kwa saa alizoandikiwa, asisubiri kichefuchefu kimshinde.

Wiki ya pili baada ya dozi ndiyo ya kuiogopa, kinga ya mwili inakuwa chini kabisa. Nunua kipimajoto leo. Kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali usiku huohuo. Usimpe panadol mkangoja kukuche. Kwa hiyo uwe na namba ya dereva anayepokea simu usiku, na pesa ya akiba isiyoguswa. Jirani mwenye mafua umzuie mlangoni wewe mwenyewe, usimwachie mama lawama. Mdomo ukitoka vidonda, uji uliopoa, mswaki laini, kusukutua maji ya chumvi kidogo, pilipili hapana. Nywele huanza kutoka baada ya wiki mbili au tatu, zinabaki mafungu mafungu juu ya mto. Muulize mapema kama angependa kunyoa. Akikubali, shika mashine umnyoe wewe.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Harusi inaundiwa kamati, mwenyekiti na mweka hazina, vikao kila Jumapili, michango inafuatiliwa kwa simu mpaka mtu anaizima. Mke akiugua, kamati haipo, na bwana harusi anaandika barua kulalamika kwamba mama mtu amekuja. Wapigie wale wajumbe wako. Waliochangia ukumbi watashindwaje kuchangia nauli? Na ndugu zako umewaficha, umesema hutaki maneno. Mficha maradhi kilio humfichua. Dada yako akae na watoto siku za Dar, ili wewe na mama mkwe mwende wote na mgonjwa, mmoja wa kumshika na mmoja wa kukimbia dirisha la malipo na maabara.

Leo jioni mwombe mama radhi, mkeo akisikia. Kisha muulize kesho umletee nini kutoka sokoni.