Kabla ya kuongeza seva za barua pepe, tenganisha foleni

Matokeo ya muhula yalipotoka, mfumo wa chuo kimoja nilichohudumia hapa Dodoma ulituma maelfu ya barua pepe kwa mkupuo. Mwanafunzi aliyeomba kubadili nywila jioni hiyo alipata kiungo chake usiku wa manane, kwa kuwa kilipangwa nyuma ya matokeo ya wenzake. Ziliongezwa seva mbili. Foleni ikabaki palepale.

Wenzangu mnaosimamia mifumo, kasi ya barua haiamuliwi na mtumaji peke yake. Wanafunzi wengi wako Gmail, na Gmail humpima mtumaji kwa sifa ya IP yake (namba ya seva kwenye mtandao) na kikoa chake (jina linalofuata alama ya @). IP mpya isiyojulikana hubanwa: hujibiwa kwa msimbo 421, yaani rudi baadaye. Tena Postfix, programu ya kutuma barua pepe, usipogusa mipangilio yake, huweza kufungua miunganisho 20 kwa pamoja kuelekea kikoa kimoja. Seva tatu ni 60, na mzigo wote unamwangukia mpokeaji yuleyule. Kikomo cha miunganisho kipange kwa jumla ya seva zote, kisha ndipo ukigawe.

Ninalolisisitiza kuliko yote: barua za haraka, kama nywila na risiti za ada, ziwe na seva na IP zake, za mkupuo ziwe na zake. Hata kama una seva mbili tu.

Seva zisichangie saraka moja ya foleni. Postfix inataka kila moja iwe na yake. Kugawa kazi iachie hifadhidata: PostgreSQL, programu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5 ina amri ya SKIP LOCKED: seva moja ikishika rekodi ya barua, nyingine huiruka. Nakala mbili bado hutokea mtandao ukikatika baada ya barua kupokelewa lakini kabla ya jibu la 250 (imepokelewa) kurudi, hivyo Message-ID, kitambulisho cha barua, isibadilike unaporudia kutuma.

Jibu la seva ya mpokeaji linaloanza na 5 ni la mwisho. Likisema anwani haipo, iondoe. Linaloanza na 4, subiri. RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa kanuni za kutuma barua pepe, inapendekeza angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na kuendelea kujaribu kwa siku nne hadi tano. Kwa matokeo, sawa kabisa. Kiungo cha nywila kinachokwisha muda baada ya saa moja hakina sababu ya kukaa foleni siku tano: foleni ya haraka ijaribu kila baada ya dakika chache, saa ikipita ikitupe, na mwanafunzi aambiwe aombe kingine.