Usimnyime mzee chakula kabla ya upasuaji

Dada wa Kondele, pole sana kwa ugonjwa wa mzee. Umeuliza kama umpunguzie baba chakula ili kilo zishuke kabla hajatolewa figo yenye saratani. Tafadhali usiamue hilo peke yako.

Ni kweli unene huongeza hatari ya kupata saratani ya figo. Lakini tafiti nyingi zimeona jambo la kushangaza: kati ya waliokwisha kuugua, wenye uzito mkubwa mara nyingi huishi muda mrefu kuliko wembamba. Sababu yake bado inajadiliwa, na hiyo si ruhusa ya kumnenepesha. Cha kuogopwa zaidi ni mgonjwa kukonda bila kutaka, misuli ikiisha. Mizani haitofautishi mafuta na misuli; mtu anaweza kuwa na kitambi na mapaja yamesinyaa. Mwangalie akiinuka kitini: anashika meza?

Mpime uzito kila wiki, uandike daftarini. Ugali wake kwa omena au ndengu aendelee nao, ila kiasi cha protini muulize daktari, maana kinategemea figo zinavyofanya kazi. Suruali ikianza kumpwaya, usingoje siku ya kliniki.