Changu hawezi kuishi Ziwa Nyasa

Kuna swali kama changu, samaki wa baharini, anaweza kuishi Ziwa Nyasa. Hapana, ukimwachia pale Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, hatadumu. Nafundisha baiolojia hapa Kyela; tatizo liko kwenye figo na matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, nayo humvuta samaki maji mwilini muda wote. Ndiyo maana changu hunywa maji ya bahari, chumvi akaitolea kwenye matamvua, na hukojoa kidogo sana. Ziwani maji yanamwingia yenyewe na chumvi inamtoka, na figo zake haziwezi kutoa maji mengi kama za mbasa, samaki wetu wa ziwani. Ila wapo wanaomudu kote: kuna aina ya papa anayepanda mto Zambezi. Nyasa hafiki, maporomoko ya mto Shire, unaotoka ziwani kwenda Zambezi, yanamzuia.