Kabla Hujauza Kiwanja Ufuate Kipimo Kipya cha Tezi Dume

Tangu nianze kuhudhuria kliniki ya saratani ya tezi dume pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanaume wenzangu huniuliza kuhusu vipimo kuliko wanavyoniuliza kuhusu dawa. Mtu ana mtoto Marekani, au shemeji kasoma mahali, basi inaingia kwenye simu habari ya kipimo kipya kinachoonyesha jinsi saratani inavyokula sukari, na mzee anataka kujua atakipata wapi na kwa shilingi ngapi. Juzi kijana aliyemleta baba yake alinivuta pembeni. Familia imekaa kikao, wanataka kuuza kiwanja cha Chanika wampeleke mzee nje akapigwe picha hiyo. Nikamwomba anionyeshe alichotumiwa. Kilikuwa kipimo kilichoko kwenye majaribio, ambacho huwezi kwenda tu dirishani ukakilipia.

Nimeona niandike kwa kirefu, maana kipimo chenyewe ni cha kweli na mimi kinanipa matumaini makubwa. MRI tuliyoizoea, ile picha inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha umbo la tezi na uvimbe ulipo. Ukali wa uvimbe ni jambo jingine: kuna mdogo unaokimbia na kuna mkubwa uliotulia. Mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aligundua miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa pupa na kuigeuza lakteti hata pale oksijeni ipo ya kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco wakaitumia tabia hiyo. Walichukua pairuveti, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza unapovunja sukari, wakakitia kaboni-13, ambayo haina mionzi. Ikidungwa mshipani, MRI inafuatilia ni wapi inageuka lakteti kwa kasi. Ukiiona nyumba kwa nje huwezi kujua kama kuna watu, ila ukiona moshi wa jikoni unajua wanapika. Lakteti ndiyo moshi wenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye kuiandaa pairuveti hiyo. Inapoozwa kwenye sumaku kali hadi chini ya nyuzi 270 za hasi, inapigwa mawimbi, kisha inayeyushwa ghafla kwa kimiminika cha moto. Kwa njia hiyo mawimbi yanayosomwa na MRI huongezeka zaidi ya mara 10,000. Lakini ikishayeyuka tu inaanza kufifia, kwa hiyo kuikagua, kuidunga na kupiga picha vyote vinafanyika ndani ya dakika chache. Mashine ya kuiandaa lazima iwe jirani kabisa na chumba cha MRI. Haitengenezwi ng'ambo ikapakiwa kwenye ndege kuja Dar es Salaam.

Jaribio la kwanza kwa binadamu lilikuwa na wanaume 31, matokeo yakachapishwa 2013. Wote walikuwa wameshathibitishwa kuwa na saratani kwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachotolewa kikapimwe, na walikuwa hawajaanza tiba. Swali kuu lilikuwa usalama na kiasi cha kudunga. Hawakudhurika, na kwa mmoja wao ilionekana sehemu yenye saratani ambayo picha nyingine hazikuiona, kinyama kikathibitisha. Nilifurahi sana kusoma hilo. Hata hivyo sindano ile ilikuwa ya kupigia picha tu, haikumtibu mtu.

Sasa ushauri wangu. Kabla ya kipimo chochote kikubwa, muulize daktari: "Majibu yakija hivi utanifanyia nini, na yakija vile utanifanyia nini?" Nilipotakiwa kupigwa picha ya mifupa, daktari alinieleza wazi kwamba ndiyo itakayoamua kama nitapigwa mionzi kwa lengo la kupona au tutafuata njia nyingine. Nikalipa bila kusita. Baadaye ndugu walinisukuma nikafanye picha nyingine. Nikauliza swali lilelile, nikajibiwa kwamba kwa vyovyote ningebaki kwenye tiba ileile. Nikaacha, na hela ikaenda kwenye dawa na nauli.

Baba wa yule kijana alikuwa na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, moja tu iliyopanda. Kinyama bado. PSA hupanda hata kwa tezi iliyokua kwa uzee, au kwa maambukizi ya mkojo. Nilimwambia kijana, mwanangu, kiwanja kiacheni kwanza, mzee apimwe kinyama hapa hapa.

Msichanganye kipimo hiki na PET ya PSMA. Hiyo ni picha ya aina nyingine, inatafuta protini iitwayo PSMA iliyo juu ya seli za tezi dume, na imeshatoka kwenye majaribio. Marekani waliidhinisha ile inayotumia galiamu yenye mionzi mwaka 2020. Inasaidia hasa pale PSA inapopanda tena baada ya upasuaji au mionzi. Daktari wako akiitaja, msikilize, na swali langu muulize vilevile.

Ukialikwa kwenye utafiti wa aina hii hapa nchini, uliza kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Dawa inayojaribiwa mshiriki hauziwi, kwa hiyo mtu akikudai hela ili akuingize, ondoka. Uliza kama majibu ya picha yako yataingia kwenye faili lako la tiba, kwa sababu kuna tafiti ambazo picha zake zinabaki kwa watafiti. Una haki ya kujitoa wakati wowote na matibabu yako ya kawaida yakaendelea. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na usiisaini palepale: nenda nayo nyumbani mkeo na watoto waisome, kisha piga simu ya kamati ya maadili iliyoandikwa humo uulize lolote lililokutatiza.